Mbu Huzaliwa Msafi

Mbu anapotoka majini, mabawa bado mabichi, hana malaria. Hata kama mama yake alijaa vimelea, yai halikurithi chochote. Anachoruka nacho siku ya kwanza ni njaa, na malaria ataipata kwa mtu. Konokono wa kichocho ni vivyo hivyo: anaanguliwa akiwa hana neno, kisha anaambukizwa na mkojo au kinyesi cha binadamu kilichoingia kwenye maji yake. Mbu wa matende naye anaanzia hapo hapo. Kabla hawajatuletea ugonjwa, sisi ndio tuliowapa.

Naanza na hilo kwa sababu ushauri tuliozoea kupewa hutuweka upande mmoja tu, upande wa kuumwa. Jifunike, jipake mafuta, pulizia dawa. Si ushauri mbaya, ila umeacha nusu ya habari. Magonjwa haya yana wahusika watatu: kimelea (au virusi, au bakteria), mdudu au konokono anayekibeba, na mtu. Kimelea hakishauriki na mbu hasomi makala, kwa hiyo maneno yote yanabaki kwa huyo wa tatu: ajue wenzake wawili wanaishije, wako kazini saa ngapi, na ni wapi yeye mwenyewe anawasaidia bila kujua.

Tuanze na malaria, ugonjwa tunaodhani tunaujua kuliko yote.

Mbu jike wa anofelesi anamuuma mtu mwenye vimelea. (Dume haumi, anaishi kwa utamu wa maua na matunda.) Damu inashuka tumboni ikiwa na vimelea dume na jike, vinaungana humo, vinapenya ukuta wa tumbo na kujenga vifuko nje yake. Vifuko vikipasuka, maelfu ya vimelea vipya vinaelekea kwenye tezi za mate na kungoja mtu mwingine aumwe. Kwenye joto la pwani kazi hiyo huchukua siku 10 hadi 14. Penye baridi inachelewa, na joto likishuka chini ya nyuzi 16 hivi haikamiliki kabisa. Ndiyo maana watu wa milimani juu hawakuizoea malaria kama sisi wa mabondeni, na ndiyo maana wakishuka huku wanaugua vibaya.

Sasa tazama upande wa mbu. Anahitaji damu kila baada ya siku 2 au 3 ili akomaze mayai. Maana yake, tangu alipochukua vimelea hadi siku anapoweza kuvitoa, lazima awaendee watu mara nne au tano nyingine na aondoke mzima. Wengi hawafiki huko. Wanaishia kwa mijusi, buibui na makofi. Anayekuambukiza malaria ni mbu mzee. Katika miaka ya 1950 Mwingereza George Macdonald alilipigia hesabu jambo hili, akaonyesha kwamba kumfupishia mbu maisha kwa siku chache hushusha maambukizi kuliko kupunguza idadi ya mbu wanaozaliwa.

Hiyo ndiyo kazi ya chandarua chenye dawa, na wengi wanakidai kazi nyingine. Utasikia mtu akilalamika kwamba ana chandarua lakini asubuhi bado anaona mbu ukutani, basi dawa haifanyi kazi. Ukuta si kipimo. Kila usiku mbu anapojaribu kukufikia na kugusa uzi wenye dawa, nafasi yake ya kufika uzeeni inapungua, na mbu aliyefia kwako hatamfikia jirani. Kwa hesabu hiyo, mwenye nyumba anayekunja chandarua chake kiangazi kwa sababu hasikii mbu anawapunguzia kinga hata majirani wenye vyandarua vyao.

Kukitunza si kazi. Kipya kianikwe kivulini siku moja kabla ya kukilalia, ule muwasho wa kwanza utoke. Kifuliwe kwa sabuni ya kawaida na maji ya baridi, taratibu, kisha kikauke kivulini, maana jua linaharibu dawa. Anayekifua kila wiki anafua dawa. Mara moja kwa miezi 3 inatosha. Kikichanika kishone, na ukikosa uzi kifunge fundo. Kikishatimiza kama miaka 3, tafuta kingine.

Nyumba ikiwa na chandarua kimoja, nani alale ndani? Utajibiwa watoto wa chini ya miaka 5 na wajawazito, na ni kweli, kwa kuwa hao ndio wanaopotea upesi. Mimi naongeza wa tatu: mwenye malaria. Desturi yetu ni kumtoa mgonjwa chumbani, kumlaza sebuleni juu ya mkeka ili aonekane na ahudumiwe, akikesha hapo bila chandarua huku watu wakiingia na kutoka. Utafiti uliofanywa kwa watoto magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2005 ulionyesha kwamba watoto waliobeba vile vimelea dume na jike waliwavuta mbu karibu maradufu kuliko wenzao. Mbu aliye msafi anavutwa kwa yule yule atakayemchafua. Basi mgonjwa apelekewe uji ndani ya chandarua chake.

Vimelea hivyo vya kuambukiza mbu havijitokezi siku ya kwanza ya homa. Vinahitaji kama siku 10 kukomaa. Mtu aliyepimwa mapema na kumeza dawa mara nyingi anapona kabla hajawa na faida yoyote kwa mbu. Aliyejiuguza wiki mbili kwa vidonge vya kutuliza maumivu na majani ya mwarobaini amefuga mbegu kwa mtaa mzima. Na dawa mseto ina utaratibu wake: inamezwa mara 6 kwa siku 3, ya kwanza pale pale, ya pili baada ya saa 8, zinazofuata asubuhi na jioni. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa, kwani tumboni patupu hainyonywi vizuri. Homa hukatika mapema, pengine baada ya dozi ya pili au ya tatu, na hapo ndipo vidonge vinapohamia kwenye droo kumngojea atakayeugua baadaye. Nimeona droo hizo katika nyumba za wasomi. Vidonge viwili vilivyobaki havimponyi mtu wa pili, na wa kwanza naye hakupona sawasawa.

Kuna pia watu wazima waliokulia kwenye malaria ambao damu yao ina vimelea nao hawana hata kichwa kuuma. Kinga yao inazuia ugonjwa bila kufukuza vimelea. Hao hawawezi kujijua, kwa hiyo usimcheke baba wa familia anayelala kwenye chandarua akisema yeye haugui malaria. Huenda ndiye anayewalinda wengine kuliko wote.

Sasa tutoke chumbani twende uani, kwa sababu si kila mbu ni mbu yule yule, na hapa ndipo juhudi nyingi zinapopotea. Chukua bakuli jeupe, chota maji juu ya pipa au dimbwi, tulia kidogo. Viluwiluwi vikirudi juu kupumua, vitazame. Vya anofelesi hulala bapa chini ya uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Vya aedesi na kuleksi huning'inia vichwa chini, mkia umeshika uso wa maji kwa mrija mdogo wa kupumulia. Wakishakuwa mbu, anofelesi akitua ukutani huinua matako juu na kichwa chini. Wengine wawili hukaa sambamba na ukuta. Aedesi ni mweusi mwenye pingili nyeupe miguuni, unaziona bila miwani. Kuleksi ni wa kahawia, hana pambo, na ndiye mara nyingi anayekuimbia sikioni usiku kucha mijini.

Mahali wanapozaliwa hawagombani. Anofelesi wetu wa asili hupenda maji yaliyotulia, yasiyo machafu sana: madimbwi ya mvua, majaruba ya mpunga, alama za kwato, kingo za vijito. Kuleksi ni wa maji machafu: vyoo vya shimo, makaro, mitaro iliyoziba. Aedesi anafuata vyombo vya binadamu. Pipa, ndoo, tairi, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua, trei ya nyuma ya jokofu, gata la paa lililojaa majani. Saa zao ni tofauti pia. Anofelesi na kuleksi ni wa usiku, wengi kuanzia saa 4 usiku hadi karibu na alfajiri. Aedesi anauma mchana, hasa asubuhi mapema na tena jioni kabla ya magharibi, na anapenda vifundo vya miguu chini ya meza.

Ukishajua hayo utaona kwa nini jiji lenye vyandarua kila chumba linaweza kulala kwa dengue, ugonjwa unaoletwa na aedesi, kama ilivyokuwa Dar es Salaam 2014 na tena 2019, na Mombasa nayo kwa nyakati zake. Chandarua cha usiku hakina habari na mbu wa saa 11 jioni. Wakati huo watu walidai magari ya kupulizia moshi mitaani. Moshi unaua mbu waliokuwa wakiruka saa ile, na unafurahisha macho, ila kiluwiluwi kilicho ndani ya pipa hakiupati, na baada ya wiki moja mbu wapya wamejaa tena. Napenda halmashauri zitumie fedha hizo kwenye kuzoa matairi.

Kazi yenyewe ya aedesi ni ya dakika 15, siku moja kwa wiki, siku ile ile. Kwa nini wiki? Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10. Ukimwaga maji ya vyombo kila baada ya siku 7 hawafiki. Na usiishie kumwaga. Aedesi hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukauka miezi kadhaa yakingoja mvua. Mwaga, kisha sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu, hasa pale penye mstari wa maji. Pipa usiloweza kumwaga kwa sababu maji ya bomba yanatoka mara mbili kwa wiki, lifunike kwa mfuniko usioacha upenyo au kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Tangi la juu ya nyumba likaguliwe mfuniko na bomba la kupumulia. Funga kipande cha wavu hapo. Matairi yatobolewe au yawekwe chini ya paa. Vifuu, sisi wa pwani, vipinduliwe au vichomwe.

Tangi linastahili jicho la pili kwa sababu nyingine. Kuna anofelesi mgeni kutoka Asia, stefensi, aliyeonekana Djibouti 2012, akaingia Ethiopia, na Kenya ikatangaza kumpata 2023. Huyu anabeba malaria kama wale wetu, ila anazaliwa kwenye matangi na mapipa ya mjini kama aedesi. Akienea, ile dhana kwamba malaria ni ya shamba itakuwa imekwisha. Kufunika pipa ni ushauri wa dengue leo. Kesho utakuwa wa malaria.

Mgonjwa wa dengue naye ana siku zake za kuambukiza mbu: kuanzia siku moja au mbili kabla ya homa hadi kama siku ya tano. Basi huyu alale ndani ya chandarua mchana, jambo linaloonekana la ajabu kwa wageni wanaokuja kumjulia hali, na liwe la ajabu. Dawa ya kuua virusi hivyo haipo. Anywe maji kwa wingi, apewe paracetamol kwa kipimo, na asipewe aspirini, diclofenac wala ibuprofen, maana zinaongeza hatari ya kutoka damu. Jambo linalowaponyoka wengi ni kwamba hatari huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7. Watu wanashukuru Mungu kuwa amepoa, kumbe ndipo maji ya damu yanapovuja nje ya mishipa. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, ufizi kutoka damu, kulegea au kuwa na wasiwasi usio wa kawaida: hayo ni ya hospitali, usiku huo huo. Aliyewahi kuugua dengue awe macho zaidi, kwa sababu virusi vyake viko vya aina 4, na kuugua mara ya pili kwa aina nyingine kunaweza kumpata mtu vibaya kuliko mara ya kwanza.

Kuleksi tunamdharau kwa kuwa haleti malaria. Pwani ya Tanga, Unguja, Lamu, huyu ndiye mbebaji mkubwa wa minyoo ya matende na mabusha. Minyoo wazazi hukaa kwenye mishipa ya maji ya mwili kwa miaka, na watoto wao wadogo mno husafiri kwenye damu. Wakati gani? Mchana wamejificha kwenye mapafu. Usiku, kuanzia saa 4 hadi saa 8, wanajaa kwenye damu ya karibu na ngozi, wakati ule ule kuleksi anauma. Ndiyo sababu wahudumu wa afya huja kupima damu usiku, na si kwamba wana ushirikina. Katika visiwa vya Samoa, ambako minyoo hiyo hiyo hubebwa na mbu wa mchana, ratiba hiyo ya usiku imepotea, na mchana unaipata damuni bila shida. Kimelea kimejifunza saa ya mbebaji wake. Aliyegundua kwamba minyoo hii hukua ndani ya mbu ni Patrick Manson, huko China mwaka 1877, akiwalisha mbu damu ya mtunza bustani wake aliyeugua. Cha kuchekesha ni kwamba Manson alidhani mbu wakifa majini watu hunywa minyoo kwenye maji. Kwamba mbu huwarudisha kwa kuuma, hakuliwaza.

Matende yana udhaifu mzuri: hayashiki kwa kuumwa mara moja. Inahitaji kuumwa na mbu wenye minyoo mara nyingi sana, miaka na miaka. Kwa hiyo kila unachopunguza kina maana. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, vyoo vya shimo vilimiminiwa chembe nyepesi za polistirini, zile nyeupe za maboksi ya vyombo vya umeme. Zinaelea na kutanda juu ya maji, viluwiluwi vinakosa hewa na mbu jike hapati pa kutagia. Pamoja na dawa waliyopewa wakazi, mbu na minyoo vilishuka sana. Nyumbani, njia inayofanana na hiyo ni rahisi zaidi: mfuniko wa choo unaofunika kweli, wavu kwenye bomba la kutolea hewa, na karo lisilo na ufa. Kingatiba inapopita mtaani kwenu meza, hata kama hujisikii mgonjwa. Unameza kwa ajili ya minyoo inayozunguka usiku ndani ya mtu asiyejua kuwa anayo. Aliyekwisha kuvimba mguu auoshe kila siku kwa sabuni, aukaushe kati ya vidole na aukinge na michubuko. Uvimbe mwingi unaoongezeka husababishwa na bakteria wanaoingia kwenye vidonda. Busha lina upasuaji wake, na haya haipunguzi maji.

Kichocho ndicho ugonjwa unaonionyesha vizuri kuliko wote jinsi ratiba hizi tatu zinavyofungamana. Mtu mwenye kichocho cha mkojo hutoa mayai mengi zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana. Yai likiguswa na maji baridi ya kidimbwi linafunguka, na kijidudu chenye vinyoya kinatoka kumtafuta konokono. Kisipompata ndani ya siku moja kinakufa. Kikimpata, kimoja kinazaa maelfu, na baada ya wiki 4 hadi 6 konokono anaanza kuachia majini vimelea vyenye mkia. Vinaachiwa mwanga ukipanda, vingi mchana. Vinapenya ngozi kwa dakika chache. Sasa jiulize watoto huoga mtoni saa ngapi. Wanawake hufua saa ngapi. Watoto wakiingia kwenye maji ya baridi hukojoa humo humo. Yai, konokono na mguu vinakutana saa zile zile, siku nenda rudi. Guadeloupe, kule visiwa vya Karibi, watafiti waliona vimelea vya kichocho vinavyoishi kwa panya vikitoka kwa konokono jioni, wakati panya wanapoingia majini. Hakuna aliyevipangia.

Basi kata pale penye wepesi. Kuwaambia watoto wasiogelee kabisa, kwenye kijiji cha kando ya maji, ni kupoteza sauti. Waambie hivi: kojoa nchi kavu kabla hujaingia, kila mara. Hilo mtoto wa miaka 6 analiweza. Maji ya kuoga yachotwe asubuhi na mapema, mbali na majani ya kando anakokaa konokono, kisha yalazwe kwenye chombo siku 2. Vimelea haviishi zaidi ya hapo bila kumpata mtu. Na chombo hicho kifunikwe, usije ukakimbia konokono ukamfugia aedesi. Mlimaji wa mpunga avae mabuti pale anapoweza. Kujifuta taulo haraka baada ya kutoka majini kunasaidia kidogo, usikutegemee.

Praziquantel, dawa ya kichocho, ni nzuri, ila nayo ina saa yake. Inaua minyoo wakubwa; wachanga wanaponea. Aliyeogelea wiki iliyopita akameza leo anaweza kuona damu kwenye mkojo baada ya miezi miwili na kudhani dawa ni bandia. Subiri wiki 6 hadi 8 tangu ulipogusa maji ya mashaka, upime, kisha umeze ukiwa umeshiba. Kingatiba ya shuleni inawafikia watoto. Wavuvi, waosha magari kando ya ziwa na akina mama wa majaruba mara nyingi hubaki nje, wakiendelea kumlisha konokono mwaka mzima. Kama wewe ni mmoja wao, iombe zahanati. Na kwa wanawake: kichocho cha mkojo hutaga mayai hata kwenye shingo ya kizazi, kikaleta vidonda, maumivu na damu baada ya tendo la ndoa, na wengi wametibiwa magonjwa ya zinaa ambayo hawakuwa nayo, nyumba zikavunjika. Ukitibiwa mara mbili bila nafuu na umekulia penye kichocho, litaje jina lake mbele ya mhudumu.

Nilianza kwa kusema mbu wa malaria na konokono huzaliwa wasafi. Papasi hafuati sheria hiyo. Papasi wa nyumba za udongo, wale wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kutoka usiku kunyonya nusu saa na kurudi, humrithisha mtoto bakteria wa homa ya papasi kupitia yai. Robert Koch aliliona hilo hapa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905. Mwaka huo huo Joseph Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huo Kongo, alifariki kwa homa yenyewe Kasongo. Papasi anaweza kukaa miaka bila kula, kwa hiyo kuihama nyumba msimu mmoja hakumuui. Piga sakafu ya saruji ukiweza, ziba nyufa, inua kitanda, usilaze mtoto chini. Homa inayokata siku kadhaa kisha kurudi, tena na tena, mwambie daktari kwamba mmelala nyumba ya tembe.

Homa ya Bonde la Ufa nayo haifuati sheria hiyo: virusi vyake hukaa ndani ya mayai ya mbu kwenye mabonde makavu, na mafuriko yakija, kama 1997 na 2006, vinaamka nayo. Mfugaji anayeona mimba za ng'ombe na kondoo zikitoka kwa wingi baada ya mafuriko asichinje, asiguse kijusi kwa mikono mitupu, asinywe maziwa mabichi, na atoe taarifa mapema. Kuhusu malale, ukiingia pori la mbung'o usivae bluu wala nyeusi. Mitego ya mbung'o hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo, na hakuna sababu ya wewe kuwa mtego.

Haya yote yanaishia kwenye benchi la zahanati, mtu akiwa na homa. Kwa mazoea homa ni malaria. Mwaka 2008 watafiti waliwapima watoto zaidi ya 1,000 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara. Wenye malaria walikuwa takriban 1 katika 10, na zaidi ya nusu walikuwa na magonjwa ya njia ya hewa. Kwa hiyo pima kwanza. Kipimo cha haraka ni kizuri, ila kinaweza kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinatambua mabaki. Homa ikirudi siku ya kumi, omba hadubini. Na ukiwa mbele ya mhudumu, mpe habari ambazo kipimo hakina: umelala wapi wiki mbili zilizopita, umegusa maji gani, unafuga nini, nani mwingine nyumbani ana homa, na homa ilianza lini hasa.

Ushauri huu unawahusu zaidi ndugu zetu walioko Muscat, London au Toronto wanaokuja likizo ya Desemba. Kinga ya malaria uliyokulia nayo Muheza au Kilifi huchakaa ukikaa mbali miaka michache, na mtoto uliyemzaa huko hakuwahi kuwa nayo. Pata dawa ya kuzuia malaria kabla ya kusafiri, uimalize hata baada ya kurudi kama ulivyoandikiwa, na kubali chandarua cha shangazi bila kuona haya. Ukirudi, ukipatwa na homa ndani ya miezi 3, daktari wa huko atafikiria mafua kwanza, hasa ikiwa ni Januari. Mwambie umetoka Tanzania au Kenya, hata asipouliza, na mwombe apime malaria siku hiyo hiyo.